Jeti ndogo kwenye paramota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaorukia pwani za Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa wanaoruka, au wanaotaka kuanza kuruka, kwa paramota, yaani bawa la kitambaa na injini ya mgongoni. Swali la jeti huletwa kila mara na mtu aliyekwisha kuona video, akaona injini ya kilo tatu inasukuma kilo arobaini, akajiuliza kwa nini bado tunabeba propela na fremu pana kama tenga. Ni swali la haki na linastahili jibu lenye hesabu.

Paramota inaweza kuruka kwa jeti?

Inaweza. Bawa halijui linasukumwa na nini. Likipata msukumo wa kutosha na mwendo wa mita 10 hadi 12 kwa sekunde, litaruka. Ugumu hauko kwenye kuondoka ardhini. Uko kwenye muda utakaobaki angani, gharama ya kila dakika, na mambo yanayokwenda kombo ukiwa kwenye mchanga wa Paje, Nungwi au Vumawimbi na si kwenye uwanja wa lami.

Kwa nini jeti inakula mafuta kiasi hicho kwenye paramota, ilhali ndege kubwa zote zina jeti?

Mfikirie mvuvi ndani ya mtumbwi. Akipiga kafi pana taratibu, maji mengi yanarudi nyuma polepole na mtumbwi unakwenda. Sasa mpe mpira mwembamba wa maji, autoe nyuma kwa nguvu mpaka mtumbwi uende mwendo uleule. Utakwenda, lakini nguvu yote imebaki kwenye maji yaliyoruka nyuma. Propela ni kafi, jeti ndogo ni ule mpira.

Kwa tarakimu: jeti ndogo hutoa hewa kwa takriban mita 500 kwa sekunde, na paramota inakwenda mita 12 kwa sekunde. Ufanisi wa msukumo, kwa kanuni inayojulikana (mbili gawanya kwa moja jumlisha uwiano wa mwendo wa hewa inayotoka na mwendo wa chombo), unakuwa chini kidogo ya asilimia 5. Yaani katika nguvu iliyoingia kwenye hewa inayotoka, karibu asilimia 95 inabaki nyuma yako ikivuma bure. Ndege kubwa inakwenda mita 230 kwa sekunde au zaidi, na injini yake ina feni pana mbele inayosukuma hewa nyingi kwa mwendo wa wastani. Kwa hiyo pengo kati ya mwendo wa hewa na mwendo wa ndege ni dogo.

Njia nyingine ya kuliona: ili kupata msukumo wa nyutoni 600 (takriban kilo 60) ukiwa umesimama, propela ya sentimita 125 inahitaji, kinadharia, kama kilowati 8.5. Kiuhalisia ni zaidi, ndiyo maana injini za paramota huwa na kilowati 11 hadi 19. Jeti kwa msukumo uleule inamwaga hewani kilowati 150. Hakuna fundi atakayeirekebisha tofauti hiyo kwa kubadili pampu au kompyuta ya injini. Imo kwenye fizikia yenyewe.

Nahitaji msukumo kiasi gani?

Piga hesabu yako mwenyewe, usichukue ya mwenzio. Tuseme rubani ana kilo 75, na bawa, kiti, injini na mafuta vinafikisha jumla kilo 115. Uzito huo ni nyutoni 1,130 hivi. Paramota ya kawaida husogea mbele mita 6 kwa kila mita 1 inayoshuka injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kwenda sawa bila kupanda wala kushuka kunataka moja ya sita ya uzito: nyutoni 190. Kupanda mita 2 kila sekunde kunaongeza nyutoni 190 nyingine. Jumla 380.

Kuna jeti za modeli za ndege, kama JetCat P400, zinazotoa karibu nyutoni 400 kwa uzito wa chini ya kilo 4. Moja inatosha kwenye karatasi. Pwani kwetu haitoshi. Nguvu hizo hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15, na adhuhuri ya Machi hapa ni nyuzi 32. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo toa asilimia 10 kwenye hesabu. Ukishatoa, rubani mzito anabaki na uwezo wa kwenda sawa na kupanda kidogo mno. Ndiyo maana wanaofikiria jambo hili kwa dhati huishia kwenye injini mbili, na gharama ya injini mbili za aina hii hupita paramota mpya kamili yenye propela.

Lita 20 zitanipa dakika ngapi?

Jeti za ukubwa huu hutumia takriban kilo 0.15 ya mafuta kwa kila nyutoni moja kwa saa zikiwa kwenye nguvu kamili, na zaidi ya hapo zikiwa kwenye nguvu ndogo. Chukua safari fupi kwa injini mbili:

- Kuwasha na kusubiri upepo, dakika 3: lita 1.2
- Kukimbia na kuondoka kwa nguvu kamili, dakika 1: lita 2.6
- Kupanda, dakika 3: lita 4.5
- Kwenda sawa, dakika 15: lita 11 hadi 12

Hapo lita 20 zimekwisha kwa dakika 22, na tatu kati ya hizo ulikuwa umesimama mchangani. Akiba haimo. Ukiweka lita 4 za akiba, unapunguza dakika tano za angani. Injini ya petroli ya viharusi viwili ingekupa safari ileile kwa lita 1.5 hadi 2, na kwa dumu la lita 10 ungeruka saa mbili na ushee.

Na lita 20 za mafuta ya ndege ni kilo 16. Ule wepesi wa injini uliokuvutia umerudi mgongoni kwa njia ya tangi.

Mbona Yves Rossy na Franky Zapata walivuka bahari kwa jeti ndogo?

Walivuka, na mifano yao inafundisha vizuri ukiitazama kwa karibu. Rossy, rubani wa Uswisi, alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 26 Septemba 2008 kwa bawa gumu lenye jeti nne, kwa muda usiofika dakika 10. Alidondoshwa kutoka kwenye ndege, hakuondoka ardhini kwa miguu, na alikwenda kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa mwendo huo ufanisi wa msukumo unafika kama asilimia 20, mara nne ya wa paramota. Zapata, Mfaransa, alivuka palepale tarehe 4 Agosti 2019 akiwa amesimama juu ya ubao wa jeti, kilomita 35 hivi kwa dakika 22, na ilimbidi atue juu ya boti katikati ya safari kuongeza mafuta. Jaribio lake la kwanza, Julai mwaka huohuo, lilishindikana hapohapo kwenye kituo cha mafuta.

Baina ya Unguja na Pemba ni karibu kilomita 50. Paramota ya mwendo wa kilomita 45 kwa saa inataka zaidi ya saa nzima bila upepo wa mbele. Kwa jeti, hilo lifute kabisa.

Haina faida hata moja?

Inazo, na si ndogo. Hakuna propela ya kukata vidole wala kamba, na mikono iliyokatwa na propela wakati wa kuwasha ndiyo ajali mbaya inayojulikana sana kwenye mchezo huu. Hakuna mtetemo. Hakuna ule mzunguko wa propela unaomvuta rubani upande mmoja anapoongeza moto. Fremu inaweza kuwa ndogo, ukaipakia hata kwenye daladala. Mtu akitaka jeti kwa sababu hizo tunamwelewa vizuri.

Moto wa jeti unalifikia bawa?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mtu aanze nalo, kwa sababu linahusu dakika ya kwanza kabisa.

Unapoondoka kwa kukimbia mbele, bawa limelala mchangani nyuma yako, mwisho wa kamba za mita 6 hadi 7. Upepo wa propela hulipulizia na kulisaidia kujaa. Jeti inatoa kitu kingine: mkondo mwembamba wenye joto la nyuzi 500 hadi 750 pale unapotoka. Mkondo huo huchanganyika na hewa na kupoa haraka, lakini mita moja na nusu nyuma ya injini bado unaweza kupita nyuzi 150. Baadhi ya kamba za mabawa ni za Dyneema (uzi imara wa plastiki), ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 145 na hulegea kabla ya hapo. Nailoni ya bawa inastahimili zaidi, inayeyuka baada ya nyuzi 200, lakini ni nyembamba kama karatasi na ina rangi ya juu inayozuia hewa kupenya. Rangi hiyo ikichomeka, kitambaa kinavuja, na bawa linalovuja linachelewa kupanda na huweza kuning'inia nyuma bila kuruka.

Bawa linapoinuka kutoka chini mpaka juu ya kichwa, kamba za nyuma zinapita palepale jeti inapopuliza. Kwa hiyo:

Usiondoke kwa kukimbia mbele. Geuka ulitazame bawa, ulinyanyue kwa upepo wenyewe, jeti ikielekea upande upepo unakotoka na mbali na kitambaa. Njia hii inataka upepo wa noti 8 hadi 12 (kilomita 15 hadi 22 kwa saa) usio na mitikisiko, na kusi au kaskazi ya pwani ya mashariki inakupa hivyo siku nyingi. Injini ibaki kwenye mzunguko wa chini kabisa mpaka bawa likae juu ya kichwa na wewe uwe umegeuka. Ndipo uongeze moto. Baada ya kila safari vuta kamba za nyuma moja moja kwa vidole. Kamba iliyoguswa na joto huwa ngumu na inang'aa, kama uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye kibiriti. Ukiikuta, badilisha kabla ya kuruka tena.

Zingatia pia kilichoko nyuma yako. Sehemu nyingi za ufukwe wa mashariki zimepakana na mapaa ya makuti. Mivinje nayo huangusha majani makavu yanayoshika moto upesi. Tunapendekeza mita 30 tupu nyuma ya injini, na mtu mmoja asimame pembeni na mtungi wa kuzimia moto.

Naweza kutumia mafuta ya taa ya kituo cha kawaida?

Jeti nyingi ndogo hukubali mafuta ya taa safi na mafuta ya ndege ya Jet A-1. Mafuta yenyewe hayana shida. Shida ni maji na uchafu wa madumu. Dumu lililokaa boharini katika unyevu wetu hupata matone ya maji chini, na tone moja likipita kwenye pampu linatosha kuzima mwako.

Acha dumu litulie usiku kucha. Asubuhi nyonya kutoka juu, usiguse sentimita 3 za mwisho. Pitisha kwenye chujio laini, kisha lingine kabla ya pampu. Changanya oili ya tabaini (ya injini za jeti) kwa kiwango alichoandika mtengenezaji. Kwa injini nyingi ni asilimia 5, yaani lita 1 kwa kila lita 20, na hiyo ndiyo inayolainisha beringi. Ukisahau, beringi zinazozunguka karibu mara 100,000 kwa dakika hazitakusubiri urudi nyumbani. Na usitie oili ya pikipiki kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani.

Mchanga na chumvi vinaidhuru vipi?

Vinaidhuru kuliko kitu kingine chochote. Gurudumu la kompresa, linalobana hewa inayoingia, ni la aluminiamu, na makali yake yanakimbia kwa mamia ya mita kwa sekunde. Mchanga wa Paje ni mweupe na laini kama unga, unaelea hewani miguu inapoutimua, na jeti inauvuta. Punje zikipita, makali yanaliwa. Msukumo unashuka kidogo kidogo, joto la ekzosi linapanda, na rubani anadhani mafuta ni mabaya.

Chumvi inafanya kazi polepole zaidi. Inaganda kwenye kompresa kama utando mweupe, na inaingia kwenye beringi injini ikiwa imezimwa. Baada ya siku ya kuruka, funika pua (inakoingia hewa) na ekzosi kwa vifuniko, hifadhi ndani, na uiwashe angalau mara moja kwa wiki kama mwongozo unaruhusu. Watengenezaji huweka matengenezo kwa saa; kwa JetCat nyingi ni kila saa 25, na injini hurudishwa kwa mtengenezaji Ulaya. Fikiria safari hiyo ya kifurushi kabla ya kununua.

Wavu mbele ya pua ni lazima, wenye matundu madogo. Unazuia nyuzi za makumbi, majani ya mivinje, na ncha ya kamba iliyolegea. Lakini wavu hauzuii mchanga. Kinachosaidia kwa mchanga ni kuondokea kwenye mchanga wenye maji, maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi hivi, ukapata ufukwe mpana na mgumu. Siku za maji mafu hupati nafasi hiyo.

Kwa nini jeti huzimika angani?

Sababu ya kwanza ni mapovu ya hewa kwenye mpira wa mafuta. Injini ya petroli ikimeza povu itakohoa kisha itaendelea. Jeti ikimeza povu mwako unakatika, na kuwasha upya kunachukua nusu dakika au zaidi. Weka tangi dogo la pili karibu na pampu, lijazwe mpaka juu lisibaki na hewa, na mpira uwe wa kuona ndani ili mtu alitafute povu kwa macho kabla hujaondoka. Sababu nyingine ni betri iliyochoka, waya wa kihisi joto uliolegea, au kompyuta ya injini kuzima yenyewe kwa kuona joto limepita mpaka.

Ukizimikiwa mita 150 juu ya maji, una kama mita 900 za kusogea katika hewa tulivu, na pungufu sana dhidi ya upepo. Mwamba wa pwani ya mashariki uko mbali zaidi ya hapo sehemu nyingi. Kwa hiyo ruka juu ya mchanga au juu ya maji ambayo unaweza kurudi ufukweni bila injini. Vaa boya linalojijaza lenyewe. Rubani aliyefungwa na kilo 30 mgongoni huzama uso chini, na ana sekunde chache tu za kujifungua.

Nikiongeza moto, inaitika mara moja?

Hapana. Kutoka mzunguko wa chini mpaka nguvu kamili ni sekunde 3 hadi 5. Ukitua na bawa likashuka ghafla, huna msaada wa haraka kama ule wa propela. Ongeza mapema, au usitegemee.

Nianzeje majaribio ya ardhini?

Funga injini kwenye meza ya chuma iliyochimbiwa, kimo cha mita moja, mbali na mchanga mkavu. Asiwepo mtu ubavuni, usawa wa gurudumu la tabaini (linalozungushwa na gesi ya moto), kwa sababu likipasuka vipande hutoka upande huo. Nyuma watu wakae mita 15 au zaidi. Kanga, buibui, kofia na miwani isiyofungwa visikaribie pua. Mtungi uwe wa kaboni dioksidi. Ule wa unga huzima moto na huua injini pamoja nao.

Stata inazungusha, plagi inawaka, mafuta kidogo yanaingia, kompyuta inapandisha mpaka mzunguko wa chini wa elfu thelathini na kitu kwa dakika. Ukiona ulimi mrefu wa moto nyuma, mafuta yalijikusanya kabla ya kuwaka. Kata mafuta, acha stata izungushe, na mtu wa mtungi apulize kwa pua ya injini, si nyuma. Injini isipowaka kabisa, inamishe mafuta yatoke kabla ya jaribio la pili. Na usichomoe betri mara tu baada ya kuzima. Stata inahitaji kuendelea kuipoza mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100.

Kelele je?

Kubwa na kali. Vaa vizibo vya masikio na juu yake vifuniko. Na wafikirie kina mama wanaolima mwani Jambiani na Bwejuu, ambao wako majini saa zilezile za maji kupwa unazozitaka wewe. Zungumza na sheha kwanza, epuka nyakati za sala na karibu na madrasa, na usipite juu ya ng'ombe waliofungwa ufukweni.

Jeti inayozungusha propela haitatui tatizo?

Inatatua nusu. Ukitumia tabaini kuzungusha propela kubwa kupitia gia, hasara ya hewa inayokimbia inaondoka. Inabaki hasara ya ndani: kompresa ndogo haibani hewa vya kutosha, kwa hiyo mafuta mengi hugeuka joto tu. Injini ya namna hiyo bado hula mara kadhaa ya petroli, na umerudisha propela uliyotaka kuikimbia. Tatizo lako likiwa mtetemo na kelele, paramota ya umeme yenye betri ya kilowatisaa 4 inakupa dakika 40 hivi za utulivu, na umeme wa kuchajia uko kijijini.

Kibali napata wapi?

Anga ya Zanzibar iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na hapo ndipo pa kuanzia kwa aina yoyote ya injini. Kumbuka ndege ndogo zinapita siku nzima kati ya Kisauni (uwanja wa ndege wa Unguja), Pemba na Dar es Salaam, nyingine chini kuliko unavyodhani. Usiruke karibu na njia zao bila maelewano na mnara wa kuongozea ndege.

Tayari ninayo jeti moja. Niifanyie nini?

Iweke kwenye ndege ya modeli, ambako mwendo wa mita 60 kwa sekunde unaitendea haki, au iwe chombo cha kufundishia mafundi vijana jinsi tabaini inavyofanya kazi. Marubani wa glaida wanazitumia vizuri pia: chombo chao kinakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na jeti huwashwa dakika chache tu za kurudi nyumbani hewa inapokufa. Kwa paramota, nunua injini ya petroli ya viharusi viwili yenye vipuri vinavyopatikana, changanya oili kwa asilimia 2, yaani mililita 100 kwa kila lita 5, osha kabureta kila baada ya msimu wa chumvi, na ukague propela kwa kidole kabla ya kila kuwasha.